Kabla ya kulipia gari la farasi, inua raba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna watu wanavyoyakagua magari ya kusafirishia farasi yaliyokwisha kutumika, kabla ya kuyanunua. Wasomaji wengi hawajawahi kupanda farasi wala hawatarajii kumiliki hata mmoja. Hata hivyo, sisi tunaofanya kazi kati ya Njoro, Nakuru, Gilgil na Naivasha tunayaona magari haya barabarani, yakielekea kwenye mashindano ya Ngong, kwenye viwanja vya polo au kwenye shule za kufunzia upandaji, na ndani yake mna wanyama wenye uzito wa karibu nusu tani kila mmoja na, mara nyingi, mna mtu pia. Wiki iliyopita liliingia katika karakana yangu lori dogo la farasi lililopigwa rangi ya kijani iliyokolea, likatiwa mstari wa dhahabu ubavuni, linang'aa kiasi cha mtu kujiona uso. Mwenyewe alikuwa ameshalipa pesa zote, na alichotaka kwangu ni taa mbili za pembeni tu. Nilipoinua raba ya sakafuni na kuugusa ubao kwa bisibisi, ilizama hadi kwenye mpini bila mimi kuisukuma kwa nguvu.

Hilo ni gari la tatu la namna hiyo kuletwa kwangu mwaka huu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka 14 kabla sijajifunza kuchomelea na kuanza kutengeneza bodi za magari. Kwa hiyo magari haya nimeyajua kwa pande mbili: nimesimama ndani ya lori nikiwa nimemshika farasi hatamu huku dereva akikata kona, na nimelala chini ya chesisi nikitazama kutu kwa tochi. Kutokana na yote hayo nimefikia jambo moja ninalotaka kulisema waziwazi, kwamba wanunuzi wengi huyapima magari ya farasi kwa jicho la mtu anayesimama nje, ilhali uzima wa gari la farasi umo mahali anaposimama farasi.

Katika siku zangu za usaisi, mwajiri wetu alinunua trela la farasi wawili lililotumika. Sitamtaja yeye wala aliyemuuzia. Trela lilikuwa jeupe, limeoshwa vizuri, lina dirisha safi mbele na raba mpya nyeusi sakafuni, na masaisi sote tulilisifu, mimi nikiwa wa kwanza. Katika safari ya nne au ya tano, asubuhi, tulikuwa tumepita Mbaruk tukielekea Gilgil wakati dereva aliposikia mshindo nyuma, kisha trela likaanza kuyumba. Tulisimama kando ya barabara nami nikafungua mlango mdogo wa mbele. Farasi mmoja, jike wa rangi ya hudhurungi niliyekuwa nikimlisha tangu alipoachishwa kunyonya, alikuwa ameketi jinsi mbwa anavyoketi, mguu wake wa nyuma wa kushoto ukiwa umepenya sakafu hadi juu ya goti. Lami ilikuwa imeshaula ukwato. Hakupiga kelele. Ngozi ya mabega yake ilikuwa ikitetemeka, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye raba ile mpya. Daktari wa mifugo alipofika hapakuwa na la kufanya ila kumpumzisha milele, nami ndiye niliyemshika kichwa.

Vipande vya ubao niliviokota baadaye. Upande wa juu, uliokuwa umefunikwa na raba, ulikuwa umelika na kuwa laini kama mkate uliolowa chai, na sehemu iliyobaki nzima haikuzidi unene wa kidole changu kidogo. Upande wa chini ulikuwa umepakwa rangi nyeusi nzito, bado mpya, ili anayechungulia kutoka chini aone sakafu imara. Aliyeipaka rangi hiyo alijua alichokuwa akikificha, na sijapata kulisahau hilo.

Inafaa wasomaji waelewe kwa nini sakafu ndiyo huharibika kwanza. Mkojo wa farasi hutoa amonia, na maji yake huingia katika nyuzi za mbao, hula skrubu na bolti, kisha hufika kwenye vyuma vinavyokingama chini ya sakafu. Raba tunayoiweka ili farasi asiteleze huzuia hewa kupita, na maranda tunayoyamwaga juu yake ili yanyonye mkojo hushika unyevu. Gari linaporudi Jumapili jioni kila mtu amechoka, farasi wanapelekwa bandani, milango inafungwa, na unyevu ule unakaa humo hadi safari nyingine, ambayo pengine ni baada ya mwezi mzima. Gari la farasi, kwa hiyo, huoza likiwa limeegeshwa. Ndiyo sababu maneno yanayopendwa na wauzaji, kwamba gari halijatembea sana na lilikuwa likikaa tu shambani, hayanitulizi hata kidogo. Ningependa zaidi kununua gari linalosafiri kila wiki na kuoshwa kila wiki kuliko lile lililofungiwa bandani miaka mitatu na maranda yake.

Lazima raba itolewe yote. Muuzaji akisema imegandishwa kwa gundi na haiwezi kuinuliwa, basi mnunuzi ajue kwamba anauziwa kitu asichokiona, na bei iwe ya kitu kisichoonekana. Raba ikishatoka, bisibisi ichomwe mahali panapostahili. Farasi jike hukojoa kwa nyuma, na dume hukojoa chini ya tumbo, kwa hiyo pa kuangalia kwanza ni pale miguu ya nyuma inaposimama karibu na mlango, kisha katikati ya kila chumba, na mwisho kwenye pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta, kwa maana maji ya kuoshea hujikusanya huko. Ubao mzima ukigongwa kwa nyundo hujibu kwa sauti kali na kavu, na uliooza hunyamaza. Baada ya hapo mtu aingie chini ya gari kwa tochi, avigonge vile vyuma vinavyokingama kimoja baada ya kingine, na atazame hasa mahali vinapochomelewa kwenye chesisi. Kutu nyekundu ya juujuu si ya kuogofya sana. Ya kuogofya ni ile inayobanduka kwa matabaka kama magamba, ambayo ukiigonga huanguka vipande usoni mwako.

Wapo wanaodhani kwamba wakipata sakafu ya alumini wameepuka yote haya. Alumini haishiki kutu kama chuma, ni kweli, lakini mkojo huila vilevile, na dalili yake ni unga mweupe na vishimo vidogovidogo, zaidi pale alumini inapogusana na chuma cha chesisi bila kitu chochote kati yao. Alumini iliyochoka pia hupasuka kwenye mistari ya kuchomelea, na ufa wake ni mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka sakafu isuguliwe kwa brashi na maji. Nayo plaiwudi ya kawaida, ambayo baadhi ya mafundi wetu huitumia kwa kuwa ni rahisi, hufumuka tabaka kwa tabaka ikilowa, na haifai kabisa kubeba farasi.

Uzito wa farasi hausambai sakafuni kama gunia la mahindi. Mnyama wa kilo 500 husimama juu ya kwato nne ambazo kila moja ni kama kisahani cha chai, na karibu asilimia 60 ya uzito wake hubebwa na miguu ya mbele hata akiwa ametulia. Breki inapokanyagwa uzito huo husukumwa mbele zaidi, na gari linapokata kona unaweza kuangukia upande mmoja kwa muda. Sakafu inayomwezesha mtu mzima kurukaruka juu yake, kama nilivyoona muuzaji mmoja akifanya ili kumshawishi mteja, haijathibitisha lolote.

Sasa niseme kuhusu sura ya gari, maana sitaki kueleweka vibaya. Sura ina maana. Rangi iliyopigwa vizuri juu ya chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa hulinda chuma hicho kwa miaka mingi, na gari lililotunzwa kwa nje mara nyingi ni la mtu mwenye mazoea ya kutunza. Ninachopinga ni rangi inayopigwa siku chache kabla ya mauzo, juu ya pati ya kuzibia iliyofukiwa kwenye matundu ya kutu. Kwa bodi ya chuma mtu anaweza kubeba sumaku ndogo mfukoni na kuipitisha kuanzia sehemu za chini za milango hadi kwenye matao ya magurudumu. Mahali ambapo sumaku inalegea au haishiki, chini ya rangi hiyo hamna chuma cha kutosha. Aidha, rangi mpya iliyopigwa chini ya gari hunitia shaka zaidi kuliko kutu ninayoiona kwa macho yangu.

Lakini kuna sura nyingine ambayo wanunuzi hawaizungumzii, nayo ni ile anayoiona farasi. Jicho la farasi huchukua muda mrefu kuliko letu kuzoea giza anapotoka kwenye jua kali. Anapofikishwa mbele ya gari lililo jeusi ndani, lisilo na dirisha mbele, yeye anaona shimo, na anapokataa kuingia anaitwa mkaidi, anapigwa fito, anaingia kwa hofu, na safari nzima anatokwa na jasho. Nimewaona farasi walewale, waliokuwa wakisumbua kwa saa nzima, wakipanda kwa utulivu siku ambayo kuta za ndani zilipakwa rangi nyeupe na mlango wa mbele ukaachwa wazi ili mwanga upite. Ndani kupakwe rangi nyeupe au ya maziwa, na paa pia liwe jeupe, kwa sababu jua la saa saba mchana katika bonde la Naivasha hulifanya bati la rangi nzito kuwa jiko. Mteja akiniambia ana pesa ya rangi upande mmoja tu, ndani au nje, mimi humshauri apake ndani.

Anayekagua aingie mwenyewe humo ndani, afunge mlango, na asimame kimya kidogo. Kama anavuta harufu kali inayomchoma macho, ajue sakafu imekunywa mkojo wa miaka mingi. Kama injini ikiwashwa anasikia moshi, basi bomba la moshi limeelekezwa vibaya au kuna tundu, na farasi atauvuta moshi huo kutoka Nakuru hadi Ngong, mwendo wa kilomita 160 hivi. Apitishe kiganja chake kwenye kuta zote kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa, akitafuta bolti iliyochomoza, ncha ya bati au msumari, kwa kuwa farasi akishtuka hujigonga popote na jicho lake ni rahisi kuumia. Avitazame vyuma vya kifua na vya nyuma, vile vinavyomzuia farasi mbele na nyuma: je, vinaweza kufunguliwa haraka farasi akiwa amevilalia, au lazima kwanza uzito uondolewe? Farasi akivuka mguu juu ya chuma cha kifua na chuma hicho hakifunguki kutoka nje, hapo hata watu watano hawawezi kumwokoa kwa urahisi.

Kizuizi cha kutenganisha farasi nacho kitazamwe. Mafundi wengi hukishusha hadi sakafuni wakidhani wanaongeza usalama. Farasi husimama imara garini kwa kutanua miguu, na kizuizi kinachofika chini humnyima nafasi hiyo, naye hujaribu kupanda ukuta kwa miguu kila kona. Ni bora sehemu ngumu iishie usawa wa tumbo na chini yake kuning'inizwe raba nzito. Pia pawe na nafasi ya farasi kushusha shingo. Farasi anayefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hushindwa kutoa vumbi na makamasi katika koo lake, na wengi walioshuka Ngong wakikohoa, kisha wakapata homa ya mapafu siku ya pili au ya tatu, walikuwa wamefungwa hivyo.

Kisha kuna mlango wa saisi. Naomba wenye magari wanisikilize hapa. Katika trela mtu asisafiri kabisa na farasi. Ila hata kama hasafiri, kuna wakati lazima aingie kumfunga au kumfungua mnyama, na gari lisilo na mlango mdogo upande wa mbele humfungia saisi kati ya kifua cha farasi na ukuta. Mwenzangu mmoja alivunjwa mbavu tatu kwa namna hiyo, asubuhi, uani kwetu, gari likiwa limesimama. Mlango huo uwepo, uwe mpana wa kutosha mtu kutoka haraka, na kitasa chake kifunguke kutoka ndani na nje. Nimekuta magari yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa, yana sehemu ya kulala wenyewe na jiko la gesi, lakini mlango wa saisi umezibwa ili kupata nafasi ya kabati la tandiko.

Rampu, yaani ule ubao wa mteremko wa kupandishia farasi garini, ni jambo linalohitaji maelezo yake. Huko Ulaya kanuni za usafirishaji wa wanyama zinataka rampu ya farasi isizidi mwinamo wa nyuzi 20. Malori yetu ni ya juu, na kama rampu ni fupi mwinamo wake huwa mkali, ndiyo maana wengi wetu hupandishia farasi kwenye tuta la udongo, jambo ambalo ni zuri nyumbani lakini halipo kila mahali gari litakaposimama. Anayenunua aipime rampu ikiwa imeshushwa kwenye ardhi tambarare, aone kama ina vipande vya mbao au raba vya kuzuia kuteleza, na asikilize inapokanyagwa. Springi zinazosaidia kuiinua zikichoka, rampu huwa nzito kiasi cha kuhitaji watu watatu, na ikimponyoka mmoja huvunja mguu wa yeyote aliye chini. Springi hizo zimebana nguvu nyingi sana, na mtu asijaribu kuzifungua bila kujua anachofanya. Bawaba zitazamwe kwa karibu, kwani huwa ziko mahali pale pale mkojo unapotokea gari likiwa limeelekea mlimani.

Kuhusu uzito nitatoa hesabu moja tu. Chukua gari dogo la farasi lenye kikomo cha kilo 3,500, lililojengwa bodi nzito na makabati mengi hata likafikia kilo 2,700 likiwa tupu. Linabakisha kilo 800. Farasi wawili wa kilo 550 ni kilo 1,100, kabla hujahesabu dereva, saisi, matandiko, maji na nyasi. Gari hilo ni la farasi mmoja, hata kama ndani lina vyumba viwili na muuzaji ameandika kwenye tangazo lake kwamba ni la wawili. Mnunuzi alipeleke likapimwe kwenye mizani likiwa tupu na lina mafuta, aisome karatasi, kisha aulinganishe uzito huo na ulioandikwa katika kitabu cha gari. Tofauti kubwa ina maana kwamba bodi ilibadilishwa bila kuandikishwa. Hili hutokea sana kwetu, kwa sababu magari yaliyozidi umri wa miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, na kwa hiyo bodi za zamani zilizopo hapa huhamishwa kutoka chesisi moja hadi nyingine, wakati mwingine kwa kuchomelewa haraka tu juu ya lori lililokuwa likibeba kabeji.

Breki na matairi kila mtu anasema huviangalia, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Niongeze tu kwamba tairi la gari la farasi hudanganya. Kwa kuwa halitembei sana, meno yake huwa marefu kama ya jipya, ilhali mpira umeshakufa kwa jua. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 1816, kwa mfano, ni wiki ya 18 ya mwaka 2016. Tairi lililopita miaka 10 liondolewe hata kama linang'aa, na lile la akiba lisisahauliwe, maana mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote. Kwa trela, ule waya unaovuta breki trela linapochomoka kwenye gari uwepo na usiwe umefungwa fundo. Kisha gari lijaribiwe kwenye mteremko halisi. Safari ya kwenda Ngong kupitia Mai Mahiu huwa ya kupanda ukuta wa bonde, na ni wakati wa kurudi, jioni, farasi wamechoka na breki zimepata moto, ndipo gari hushuka mteremko ule mrefu wenye kona. Kujaribu breki kwenye uwanja wa muuzaji hakumwandai mtu kwa barabara hiyo.

Mhariri, nina maombi kwa watu wa aina tatu.

Wakaguzi wa magari wa serikali hufanya kazi yao ya kutazama taa, usukani, breki na matairi, na sina ugomvi nao. Lakini sijaona gari la farasi likiambiwa litoe raba ili sakafu ionekane. Tunayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na gari la farasi linasimama katikati ya hizo mbili bila yeyote kulishika. Naomba gari lililoandikishwa kubebea mifugo likaguliwe sakafu kila linapokaguliwa breki. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote, inahitaji bisibisi, nyundo na dakika kumi.

Mafundi wenzangu wa jua kali, nanyi nawasihi. Mteja akikuletea gari la farasi na kukuambia upake rangi chini bila kubadilisha mbao zilizooza, mkatalie. Najua kodi ya kibanda inadaiwa na watoto wanahitaji karo, maana hata mimi nadaiwa. Lakini aliyepaka rangi nyeusi chini ya trela lile la Mbaruk alikuwa fundi kama sisi, huenda wa mtaa huu huu, na alilipwa kwa kazi hiyo.

Na wenye farasi, nawaomba mnapokwenda kununua gari mwende na saisi wenu. Mara nyingi saisi huachwa nyumbani kwa kuwa biashara ni ya wakubwa, kisha gari huletwa uani naye huambiwa aanze kulipakia. Yeye ndiye anayejua ni farasi yupi huogopa giza, yupi hupiga teke akibanwa, na rampu ipi atalazimika kuinua peke yake saa kumi na moja alfajiri kwenye mvua ya Molo. Mpeni nafasi aingie ndani, afunge milango, ainue raba, na akisema gari hili silitaki, msikilizeni hata kama mmeshalipenda. Bei ya kubadilisha sakafu nzima si ndogo, lakini inaweza kupunguzwa kutoka kwenye bei ya gari pale pale kabla ya kununua. Baada ya kulipa, gharama ni yako.

Lori lile la kijani bado liko kwangu. Tumeng'oa sakafu yote, na kati ya vyuma saba vinavyokingama, vitatu vimekatwa na kutupwa. Mwenyewe, ambaye ni mtu mwema na anawapenda farasi wake, alikuja juzi akiwa na saisi wake, mzee aliyemzidi umri kwa mbali. Alimpa bisibisi akamwambia, "Mzee, nionyeshe kwingine ambako nilipaswa kuangalia." Waliingia chini ya gari wote wawili, na nilipowapelekea chai saa nne walikuwa bado huko, mzee akigonga na mwenye gari akimshikia tochi.

Wako,
Fundi wa bodi za magari,
Nakuru